Jinsi ya kupanga mgahawa kwenye fremu nyembamba: anza na baraza, viti baadae

Watu wengi wakishapata fremu ya biashara kitu cha kwanza ni kukimbilia Keko, kule Dar kwa mafundi wa fanicha, kuangalia viti, au wanakesha na simu wanasevu mapicha ya migahawa ya Dubai na Cape Town, alafu wanamtumia fundi WhatsApp "nitengenezee kama hii". Na fundi atakutengenezea kweli, Keko hawashindwi kitu. Shida inakuja siku ya kupanga. Viti nane vimeingia cha tisa hakina pa kukaa, mhudumu anapita kiubavu na sinia la chai, na yule aliyekaa karibu na mlango kila anayeingia lazima ainuke ampishe. Hapo uzuri wa kiti haujakusaidia chochote.

Kwa hizi fremu zetu za kawaida, ndefu alafu nyembamba, mimi msimamo wangu ni mmoja tu: jenga baraza kwanza. Baraza lile lile unalolijua la Unguja na Lamu, yaani benchi refu la kukalia, limeegemea ukuta, halisogei, halipotei, linabeba watu wengi kuliko viti kwenye nafasi ile ile, na likishakaa mahali pake vitu vingine vyote vinajipanga kulifuata. Nenda pale Jaws Corner Mji Mkongwe jioni uangalie watu wanavyokaa, huyu kakunja mguu mmoja juu, huyu kakaa kiupande anaongea na mwenzie, kahawa imewekwa pembeni, watatu wanakuja wanasogeana na maisha yanaendelea. Kiti hakina uwezo huo. Kiti kina mtu mmoja, basi.

Naongelea mgahawa mdogo wa chai, kahawa na msosi wa mchana, ila huku mwishoni nimegusa na sehemu za kusubiria za zahanati na ofisi maana vipimo vingi ni hivyo hivyo.

Pima fremu

Chukua futi kamba na daftari. Upana pima sehemu tatu, mbele, katikati na nyuma, maana kuta za fremu nyingi hazijanyooka na ukipima mbele tu baraza litakuja kukwama nyuma. Andika kimo mpaka dari, mlango unafungukia ndani au nje, soketi ziko wapi, mita ya umeme ya LUKU iko wapi, maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Alafu kaa humo ndani mchana mzima uone jua. Fremu inayotazama magharibi inapigwa jua kuanzia saa tisa mpaka linazama, na hakuna mteja atakaekaa pale mbele muda huo hata umuwekee sofa ya dhahabu, kwahiyo hapo mbele panataka kivuli cha nje kabla hujafikiria rangi ya ukuta.

Tuchukue mfano tuhesabu pamoja. Fremu ya mita 3.5 kwa mita 8. Nyuma toa mita 2.5 za jiko na kaunta ya malipo, wateja wanabakiwa na mita 3.5 kwa 5.5. Ukiweka meza za watu wanne wanne na viti vya kawaida, kila meza ikishakaliwa inakula kama mita 2 kwa mita 2, na njia lazima iwepo, hapo unaingiza meza mbili. Watu nane.

Sasa futa. Ukuta mmoja wote weka baraza la kina cha sentimita 50. Mbele yake meza ya sentimita 65, ambayo sentimita 5 zake zinaingia juu ya baraza. Upande wa pili wa meza kiti na mtu wake, sentimita 50. Jumla 160. Ukuta wa pili piga ubao wa kulia wa sentimita 35 na stuli zake, stuli na mtu wake ni kama 45, jumla 80. Katikati inabaki njia ya sentimita 110 na mhudumu anapita na sinia bila kumgusa mtu. Meza ziwe na upana wa sentimita 60 na ziachane kwa 30, kwenye mita 5.5 zinaingia sita, watu kumi na mbili. Ule ubao wa stuli ukiufanya mita 4.2 wanakaa saba, kila mtu na sentimita 60 zake. Watu 19 kwenye eneo lile lile la watu nane, na hujabomoa hata tofali moja. Wakija marafiki tisa wa ofisi moja unasukuma meza zikagusana, watano baraza wanne viti, kazi imeisha.

Na utaona ukuta wa stuli umebaki na mita 1.3. Usiujaze. Hiyo ndio sehemu ya sinki la kunawia, karibu na mlango, panaonekana mtu akiingia tu. Mgahawa wa wali na ugali ambao mteja anatafuta pa kunawa mikono mpaka anaelekezwa chooni umeshafeli kabla chakula hakijaja. Sinki kimo chake sentimita 80 mpaka 85, ukuta wa nyuma yake tailizi mpaka usawa wa kifua maana maji yataruka tu, na sabuni iwe na mahali pake sio ile ya kuelea kwenye kisahani. Faida nyingine, sinki dogo la kina cha sentimita 40 linakuachia hapo mita 1.5 za wazi, na mita 1.5 ndio duara linalotakiwa kiti cha magurudumu kigeuke.

Hilo la kiti cha magurudumu usilichukulie kama hisani, Tanzania kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na sehemu za huduma kwa umma zinahusika. Mlango ukiwa wazi uache sentimita 80 safi au zaidi. Kizingiti kiwe na rampu, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, yaani ngazi ya sentimita 15 ni rampu ya mita 1.8. Mafundi wanapenda kumwaga zege kidogo tu pale mlangoni likawa kama mlima, kataa. Na meza moja ya karibu na mlango iwe na nafasi ya wazi chini kama sentimita 70, ukitoa kiti mtu anaingia na chake.

Ukishapata hesabu kwenye karatasi nunua chaki, uchore vyote sakafuni kwa vipimo vyenyewe. Baraza, meza, stuli, mlango unavyofunguka. Alafu omba viti vya plastiki kwa jirani uviweke kwenye michoro, mwite mtu mwenye mwili mkubwa akae, mwingine apite na sinia. Hii kazi ya nusu saa inakwambia vitu ambavyo mchoro wa kompyuta hauwezi kukwambia, mfano kwamba mtu akikaa kwenye kiti cha kwanza goti lake liko mlangoni.

Baraza lenyewe

Hapa tulia kidogo maana ndio moyo wa mgahawa.

Kimo cha kukalia ni sentimita 45 mtu akiwa ameshakaa na sponji imeshabonyea. Watu wanasahau sponji, wanajenga fremu 45 wanaongeza sponji ya sentimita 8, mteja anakaa miguu inaning'inia kama mtoto. Ukiwa na sponji ya sentimita 5 jenga 41 au 42. Kwenye ile kina ya 50, sentimita 8 za nyuma zinaliwa na mgongo maana mgongo lazima ulale kidogo, chini uachane na ukuta sentimita 8 na juu ugusane nao, kiti chenyewe kinabaki 42 na kwa kula hiyo inatosha kabisa. Ukimpa mtu kina ya 60 atajilaza, ataagiza chai moja, mtaonana magharibi. Kama biashara yako ni kahawa na watu wa laptop fanya hivyo makusudi kwenye kona moja, sio mgahawa mzima.

Chini mbele usijenge ukuta ulionyooka mpaka sakafuni. Rudisha ndani sentimita 10, kimo hata 12, ili visigino vipate pa kwenda, kwa sababu mtu akitaka kusimama anavuta miguu nyuma kwanza, jaribu hapo ulipo utaona. Na pia ile sehemu iliyorudi ndani haipigwi na viatu na deki kwahiyo rangi haichubuki.

Sasa swali la sementi au mbao. Baraza la tofali na sementi lililosakafiwa vizuri likanyooshwa na kupigwa niru ni zuri kuliko kitu chochote, halichakai, halilii, lina ubaridi wake mchana. Ila wewe umepanga. Siku mwenye fremu akikupandishia kodi ukaamua kuhama, baraza linabaki na yeye, na mikataba mingi inasema kilichojengewa kwenye jengo ni cha jengo. Kwahiyo kama nyumba sio yako tengeneza baraza la vipande. Mita 5.5 gawa vipande vitatu vya mita 1.83, vinapanda kirikuu na vinapita mlangoni. Ndani skwea paipu ya inchi moja na nusu geji 16, mguu kila baada ya sentimita 60, juu plaiwudi ya milimita 18. Vipande viunganishwe kwa bolti. Ukutani vishikwe kwa skrubu mbili tatu tu ili visitembee, siku ya kuhama unafungua unaondoka nalo.

Chini ya baraza usiache pabaki bure. Pima makreti yako ya soda na magaloni ya maji kwanza alafu ndio uamue nafasi za miguu ya chuma, watu wanafanya kinyume chake kreti linakwama kwa sentimita mbili. Sehemu nyingine acha wazi ipigwe deki. Ukiziba kote bila mlango unafuga mende.

Sponji ulizia ile hai densiti, yaani nzito iliyoshikana, kilo 32 kwa mita ya ujazo au zaidi, sio ile nyepesi ya kuchezea. Ibonyeze kwa ngumi uachie, inatakiwa irudi yenyewe haraka, ikibaki na shimo huyo anakuuzia godoro la wageni. Kava ziwe na zipu, na kila mto usizidi sentimita 60 kwa sababu mchuzi ukimwagika unafua mto mmoja badala ya baraza zima. Kitambaa cha kukalia kiwe kizito, kanvasi, kikoi kizito, au reksini nzuri. Kitenge na kanga ni vyepesi kwa kukaliwa kila siku, rangi inapauka na mshono unaachia. Viweke mgongoni au ukutani huko havisuguliwi. Na kanga kabla hujaitundika soma maneno yake kwanza tafadhali, sio umeingia kwenye mgahawa wa familia ukutani kuna fumbo la mke mwenza.

Meza

Kimo sentimita 72 mpaka 76, na siri sio kimo cha meza peke yake, ni tofauti kati ya meza na kiti. Iwe 28 mpaka 30. Ikiwa 35 mtu anakula mabega yamepanda, ikiwa 22 mapaja yanagusa ubao. Kwahiyo baraza na viti vya upande wa pili vyote vilingane kimo, hili linakosewa sana, mmoja anakuwa juu mwenzie chini kama wako mahakamani.

Mbele ya baraza meza iwe na mguu mmoja wa katikati, sio minne. Mtu anaingia kwenye baraza kwa kuteleza pembeni na miguu minne itamgonga. Kwa meza ya 60 kwa 65 kitako cha chini kiwe na upana kama 50 na kiwe kizito. Alafu kuna hili la meza kuyumba na kukunja karatasi unaweka chini ya mguu, dawa yake ni rahisi sana na haina gharama: mwambie fundi wa chuma achomelee nati ya M8 chini ya kila ncha ya kitako, ndani yake aingize bolti yenye kichwa cha mpira. Meza ikiyumba unazungusha bolti kidogo, imetulia.

Juu ya meza ndipo ugomvi ulipo. Ubao mzima uliopigwa poloshi ya kawaida unapendeza wiki ya kwanza, kikombe cha moto kikikaa kinaacha duara jeupe na halitoki. Kama unataka mbao ionekane piga vanishi ya tu paki, ile ya kuchanganya na hadina, mikono mitatu, msasa laini kati ya mkono na mkono, na ukingo wa chini nao upigwe maana unyevu unaingilia huko. Formaika, ule ubamba mwembamba wa plastiki ngumu unaobandikwa juu ya ubao, watu wanaidharau wanaona ya kizamani, mimi naipenda, inafutika, haiogopi chai, na ukingo ukiuziba na mbao ngumu inakuwa meza ya heshima. Terazo, ile ya sementi na vipande vya mawe iliyosuguliwa, inapendeza sana ila jua mambo mawili, ubao wake wa sentimita 3 kwa meza yetu hii ni karibu kilo 27, na ndimu inaila. Mgahawa wa samaki na ndimu terazo iliyoachwa bila sila, ile dawa ya kuziba vitundu, itakuwa na mabaka mwezi wa kwanza tu.

Viti na stuli

Ukiwa na baraza viti unavyohitaji ni vichache kwahiyo usinunue vya bei chee, nunua nusu vilivyo imara. Kiti cha nyumbani kinakaliwa na watu wale wale wanakijua. Kiti cha biashara kinakaliwa na watu hamsini kwa siku, wanakiburuta, wanakiegemea kwa miguu miwili ya nyuma, na kinachokufa sio mbao, ni kiungo cha mguu wa nyuma na fremu ya kukalia. Kwahiyo fundi akikuletea sampo igeuze juu chini. Angalia kama kuna ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu na gundi, au ni msumari tu umepigwa ukafichwa na pati. Angalia kona za ndani kama kuna vipande vya pembetatu vimefungwa kwa skrubu. Alafu kikalie, egemea nyuma, jitingishe kushoto kulia kwa nguvu. Kikilia leo, mwezi ujao kitaanguka na mteja. Na usiagize vyote kabla ya sampo moja kupita, lipa sampo, itumie wiki nzima, alafu ndio toa advansi ya vilivyobaki.

Kiti cha mgahawa maarufu kuliko vyote duniani kinafundisha jambo hapa. Mwaka 1859 Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti namba 14, mbao zilizokunjwa kwa mvuke, vipande sita tu, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vikiwa vimefunguliwa vilienea kwenye boksi la mita moja ya ujazo. Kilikuwa kinasafirishwa hivyo kinafungwa huko huko kwenye mgahawa. Huna haja ya kukiiga umbo, iga akili yake: mwambie fundi viungo vya mgongo vifungwe kwa bolti, ili kikivunjika kipande unabadilisha kipande.

Stuli za ule ubao wa ukutani, ubao ukiwa 105 mpaka 110 stuli iwe 75 mpaka 80, na lazima kuwe na chuma cha kuwekea miguu kama sentimita 30 chini ya kikalio hadi 45, mfupi na mrefu wote wapate. Stuli isiyo na pa kuweka mguu hakai mtu dakika kumi. Stuli za chuma, mafundi wa mtaa wa Gerezani pale Dar au Kamukunji kule Nairobi wanakuchomelea vizuri, ila sema mapema unataka mirija izibwe chini kwa mpira, la sivyo sakafu yako itakuwa na michoro na kila kiti kikivutwa ni kelele za kupasua kichwa.

Kwa walio karibu na bahari, Tanga, Mombasa, Bagamoyo, Unguja: chuma cha kawaida kikipigwa rangi juu juu kinaota kutu ndani ya msimu. Kisuguliwe, kipigwe redoksaidi kwanza, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, au chukua chuma kilichozamishwa kwenye zinki. Ukiingia gharama ya stenlesi uliza namba, 304 inapata madoa ya kutu kwenye upepo wa chumvi, 316 ndio ya baharini.

Mbao

Mninga ukiupata wa halali hauna mpinzani kwa kutulia, ukikauka haujikunji sana. Mkongo ni mgumu na wa kudumu ila unakula misumeno ya fundi na atakuchaji. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro upo na ni chaguo zuri sana la meza za nje. Paini ya Sao Hill ni nyepesi na ya bei nafuu, kwa fremu za ndani ya baraza na mashelfu inafaa, kwa viti vya kibiashara hapana. Na zile mbao za dawa zenye rangi ya kijani kijani za kuezekea usikubali ziwe juu ya meza ya chakula hata kidogo, dawa yake nyingi ni ile inayoitwa CCA na ndani kuna aseniki, ambayo ni sumu.

Mbao mbichi ndio inayoharibu kazi nyingi, sio fundi. Meza imekuja imenyooka, umewasha AC wiki mbili imepinda kama ungo. Kama huna kipima unyevu fanya hivi, kata kipande kutoka kwenye mbao zako, kipime kwenye mzani wa duka, andika namba, kirudishe kivulini penye hewa, kipime tena baada ya siku tatu nne. Uzito ukiwa bado unashuka mbao bado ina maji, subiri. Ukisimama sehemu moja mwambie fundi aanze.

Kuta, kelele na taa

Nyumba za zamani za Lamu zina zidaka, yale matundu ya kupangia vyombo yaliyochimbwa ukutani na kupambwa kwa chokaa. Ni wazo zuri mno kwa mgahawa, vikombe, viungo na vitabu vinakaa ukutani bila shelfu kutokeza kumpiga mtu kichwa. Ila kuta zile ni za mawe ya matumbawe nene karibu nusu mita, ukuta wako wa tofali za inchi sita ukiuchimba unatokea kwa jirani. Cha kufanya ni kuuongeza ukuta kuja ndani, unasimamisha fremu ya mbao ya sentimita 12 juu ya mgongo wa baraza, unaifunika kwa plaiwudi au jipsamu na kuacha matundu yako humo. Nafasi hiyo hakuna anayeitumia maana ni juu ya vichwa vya waliokaa. Anzia juu ya kichwa cha mtu mrefu akiwa amekaa, na usijaze kila tundu.

Kelele sasa. Tailizi chini, jipsamu juu, kioo mbele, watu kumi na tano wakiongea utadhani uko stendi. Piga kofi moja fremu ikiwa tupu, ukisikia linarudi rudi ujue kuna kazi. Migongo ya baraza yenye sponji inasaidia sana, ndio sababu nyingine ya kuipenda. Kisha dari: tengeneza fremu za mbao za kina cha sentimita 5, ndani weka ile pamba ya madini inayouzwa ya kuzuia joto la bati, uso wake uvike mkeka wa ukili au gunia, zining'inize juu ya meza. Mkeka peke yake uliogandishwa ukutani ni pambo tu, haumezi sauti. Makuti ndani ya fremu yenye jiko sikushauri, cheche moja inatosha, na Zimamoto wakija kukagua watakuambia hivyo hivyo.

Kwenye taa watu wanaharibu chakula chao wenyewe. Balbu nyeupe ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikishuka mwanga unakuwa wa njano zaidi) ambayo ndio imejaa madukani inafanya pilau iwe ya kijivu na mteja aonekane anaumwa. Soma boksi, tafuta 2700K mpaka 3000K, na CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi, ianzie 80, ikiwa 90 ndio vizuri zaidi, nyanya inaonekana nyanya. Taa ya kuning'inia juu ya meza iwe sentimita 70 mpaka 75 kutoka ubao wa meza, chini ya hapo inaziba nyuso, juu ya hapo inachoma macho. Hizi meza zikisukumwa zinahama, kwahiyo juu ya baraza weka waya mrefu mmoja wa taa kadhaa badala ya taa moja kwa kila meza. Jiko na kaunta waache na 4000K waone wanachokata. Swichi zitenganishwe, asubuhi, mchana na usiku sio mwanga mmoja.

Soketi usiweke usoni mwa baraza chini, deki itaingiza maji na watoto wataingiza vijiti. Ziweke juu ya mgongo, kama mita 1 kutoka sakafuni, moja kila meza mbili. Watu watachaji simu tu hata ukiandika kibao, bora ujue wanachajia wapi.

Zahanati, ofisi, benki ya mtaani

Baraza linafanya kazi hata hapa ila badilisha vitu vitatu. Kimo kiongezwe kidogo, 46 mpaka 48, na kila baada ya watu wawili kuwe na mkono wa kushikia, kwa sababu mzee na mjamzito wanasimama kwa mikono sio kwa miguu. Katikati ya baraza kata pengo la sentimita 90, mwenye kiti cha magurudumu akae kwenye mstari na ndugu yake, sio atupwe kwenye korido kama mzigo. Na kitambaa hapana, weka reksini isiyo na mishono sehemu ya kukalia, maana uchafu unalala kwenye mishono. Uliza kabisa muuzaji kama inavumilia klorini, nyingi zinapasuka pasuka zikifutwa nayo kila siku. Kona moja igeuzie mgongo njia, akina mama wa kunyonyesha wataijua wenyewe bila kibao.

Wakati wa kukabidhiwa

Kabla hujamalizia hela ya mwisho mwambie fundi akuachie vitu hivi: mita mbili za kitambaa cha baraza kutoka kwenye jora lile lile, maana ukirudi baada ya miezi sita rangi haitalingana, vipuri vya viti viwili vikiwa havijafungwa, bolti za akiba na spana yake, na namba ya rangi ya ukuta iandikwe nyuma ya mlango wa stoo. Kila Jumatatu kabla ya kufungua mtu mmoja apite na spana akaze bolti za stuli na za baraza, ni dakika kumi na tano.